Besi Bila Wenzake

Jumapili, jioni

Kitufe kimoja cha tarumbeta langu la besi bado kinanata, hata baada ya kukitia mafuta ya cherehani. Nimegombana nacho tangu tuliporudi kutoka kanisani.

Lakini nisijidanganye, shida si kitufe. Kesho mke wangu anafanyiwa upasuaji, na mimi naogopa. Mwenyewe ameshapanga khanga zake na chupa ya chai kwenye kapu, utadhani anakwenda harusini.

Nimezikumbuka Pasaka zile, bendi ya usharika ikipanda alfajiri kwenda makaburini, ukungu wa Meru umetufunika na korongo liko pembeni. Sisi wa besi tulikaa safu ya nyuma. Sikumwona hata aliyekuwa mbele yangu. Nilisikia tu tarumbeta lake, nikatupa mguu kulifuata. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuanguka. Mungu alitulinda, nitalisema hilo mpaka siku nitakayozikwa.

Basi leo nikaupuliza wimbo ule wa makaburini. Besi peke yake haieleweki. Jirani akachungulia juu ya ukuta: "Baba Neema, ng'ombe wako anazaa?"

Nikaendelea kupuliza kwa hasira, haraka haraka, mpaka mke wangu, huko jikoni nisikomwona, akaidaka sauti ya kwanza na kuanza kuimba. Ni yeye tu anayeutambua wimbo kwa besi.

Katikati ya ubeti akanyamaza. "Baba Neema, usinikimbize. Aliye mbele ni mimi."

Nikapunguza mwendo, nikamfuata.