Mahali pa Kuvutia Pumzi

Februari 4

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepoa, unapanda ngazi bila kumsengenya aliyezijenga. Mimi ni mzima, ila nina habari niliyoitafuna wiki tatu nikashindwa kuimeza.

Nimejiunga na kwaya. Ndiyo, ile ile ya dada. Najua ulichosema siku ya mazishi, kwamba mtoto wako mwingine hatakanyaga ukumbi ule maadamu uko hai. Nisamehe. Nilikuwa napita nikitoka kazini, mlango uko wazi, nikasikia sauti ya pili wakiimba, na ndani yake kama kuna kiti hakina mtu. Miguu iliingia yenyewe.

Mwalimu wa kwaya ameufufua ule wimbo mrefu wa kurasa arobaini, waliouacha dada alipofariki siku tatu kabla ya onyesho. Kwangu ni mpya kabisa, naimba do-re-mi kama mtoto wa chekechea. Nakala hazitoshi, basi nimepewa ya dada, na kiti chake pia, kati ya fundi cherehani na nesi. Fundi cherehani alinitazama juu hadi chini akasema, "Hata mabega umechukua yake!"

Nakala imejaa penseli ya dada. Humu kuna noti ndefu ambazo mtu mmoja hawezi kuzishika peke yake, kwa hiyo wanapokezana pumzi. Kila mmoja ana mahali pake pa kuvutia, amepawekea mkwaju mdogo wa penseli, yaani kamstari ka kulala upande, na jirani yake haruhusiwi kuvuta hapo. Anayesikiliza anadhani ni mtu mmoja asiyechoka. Basi mimi navuta pumzi pale alipovuta dada.

Onyesho ni Mei 9. Usinikasirikie sana.

Mimi kitinda mimba wako


Februari 15

Kitinda mimba,

Marahaba. Goti lipo, ngazi zipo, na aliyezijenga namsengenya kama kawaida. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Nimekasirika, lijue hilo. Kichwa chako ni kigumu kama cha marehemu baba yako. Ila sikwambii uache, maana utaendelea kwa kujificha, na mimi nimechoka na mambo ya kufichana.

Niambie kitu kimoja. Hizo penseli ni alama tupu, au kuna na maneno? Kama kuna maneno usimsomee mtu yeyote. Niandikie mimi kwanza.

Unakula? Nguo zako za baridi zimefika?

Mama yako


Machi 11

Mama,

Shikamoo tena. Mimi sijambo kwa mwili, nguo zimefika na zinanitosha. Kwa mengine sijui nikwambie nini.

Mwalimu ana tabia ya kuandikisha tarehe ya zoezi juu ya kila ukurasa, kwa hiyo najua dada alifika wapi, lini. Kurasa za mwanzo ana mkwaju mmoja kila mistari minne. Kuanzia wa kumi na tano, kila mistari miwili. Ukurasa wa ishirini na nane, kila mstari. Baada ya hapo ni kila maneno matatu, Mama, na penseli imekandamizwa mpaka karatasi imechanika. Hapo zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika onyesho.

Nilimwonyesha fundi cherehani ule wa ishirini na nane. Akasema, "Tulimfunika. Akikata, mimi na nesi tunashika. Alituambia ni mafua tu, ukumbini pana vumbi. Mwalimu hakugundua hata siku moja." Akaanza kulia, nikabaki nambembeleza mtu mzima.

Halafu juzi. Ukurasa wa thelathini na nne kuna noti ndefu kuliko zote. Mimi nilikata kwenye mkwaju wa dada. Fundi cherehani alikosea naye akakata hapo hapo. Nesi anaapa kwamba naye alikuwa amekata, alikuwa anakohoa. Sauti ya pili sisi ni watatu tu, na noti haikukatika. Mwalimu akasimamisha kwaya akauliza, "Nani ameshika?"

Pembeni ya noti hiyo kuna maneno, umeuliza, nakujibu. Ameandika, "Mama kasema nivumilie, ni siku chache tu."

Sisi sote tuliambiwa kifo kilikuwa cha ghafla. Wewe ndiye uliyetuambia. Ulikuwa unajua?

Mwanao


Aprili 3

Mama,

Shikamoo. Jirani yako kanipigia simu, anasema u mzima na barua yangu umeipata, uliisoma mlangoni ukaingia ndani ukafunga. Wiki tatu sasa.

Nilikasirika, nikafanya ujinga. Nilinunua raba nikafuta kila kitu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nikaweka mikwaju yangu. Nilisema pumzi ni zangu, siwezi kuzikata kwa mtu aliyekufa. Jumamosi tukaimba. Sauti ya pili ilianguka kama ukuta wa matope. Kumbe wale wawili hadi leo wanapumua kwa kumzunguka yeye! Palipokuwa na mkwaju wake wao wanashika, na mimi sikuwepo tena pale. Kwenye ile noti ndefu tulikata sote watatu, na safari hii hakuna aliyeshika. Ukumbi mzima ulisikia ule ukimya. Mwalimu alikunja karatasi zake akatuambia twende nyumbani.

Jana fundi cherehani na nesi walikuja kwangu na penseli. Waliketi mezani wakairudisha mikwaju yote, mmoja mmoja, wanaijua kwa kichwa. Mwandiko si wa dada tena, lakini mahali ni pale pale.

Yale maneno yako hawakuyarudisha. Hawakuwahi kuyaona. Sasa tunayajua mimi na wewe tu. Nijibu basi.

Mwanao


Aprili 19

Kitinda mimba,

Sijambo. Hilo la afya tuliache hapo.

Ndiyo, nilijua. Aliniandikia mara tatu. Barua ya kwanza alisema kifua kinambana akipandisha sauti. Nikamjibu anywe maji ya moto. Ya pili alisema anataka kuacha kwaya. Nikamjibu avumilie, maana nilikuwa nimeshautangazia mtaa mzima kwamba mwanangu anaimba, na nguo ya kwendea nimeshashona. Nilidhani ni woga. Alikuwa mtu wa kuanza mambo na kuyaacha njiani, wewe mwenyewe unamjua. Ya tatu ilikuwa na swali moja tu: "Mama, nirudi nyumbani?" Niliikunja, nikasema nitamjibu baada ya onyesho, akili ikishamtulia. Hiyo sikuijibu.

"Ghafla" ni neno langu. Nililitunga siku ile na nimeliishi miaka mitatu.

Siji kwenye onyesho. Usiniwekee kiti. Ila wewe ukibanwa hata kidogo, kaa chini pale pale mbele ya watu wote. Wacheke, wanune, shauri yao. Nakuamuru.

Ile sauti iliyoshika nyinyi mlipokata, ilikuwa inatetemeka? Niambie. Hapana, usiniambie.

Mama yako


Mei 12

Kitinda mimba wangu,

U mzima? Hukukaa chini, kwa hiyo najua kifua chako ni kizima, namshukuru Mungu.

Nilikuja. Nilikaa safu ya nyuma kabisa, nyuma ya nguzo, nimevaa ile nguo niliyoshona kwendea onyesho lake. Ukurasa wenu niliujua bila kuambiwa, maana nyote watatu mabega yalipanda mara moja, kama mliokubaliana kukata pamoja. Nikamsikia dada yako. Usinibishie, nimemzaa, namjua hata akikohoa katikati ya watu mia. Aliishika noti ile mpaka mwisho, haikutetemeka, na mimi nimebana pumzi hadi mama mmoja akaniuliza kama naumwa. Niliondoka kabla ya makofi. Nisingeweza kuona mnainama halafu nihesabu watatu.

Nimefika nyumbani nikaitoa barua yake ya tatu, nikaijibu. Majibu yamo ndani ya bahasha hii. Sina anwani yake nyingine ila hiyo nakala uliyonayo, kwa hiyo yaweke kwenye ukurasa wa thelathini na nne, kabla mwalimu hajazikusanya. Unaweza kuyasoma, ni ndugu yako.

Mama yako


Kifungua mimba wangu,

Barua yako niliipata. Umeniuliza kama urudi nyumbani. Ndiyo, mwanangu. Acha kuimba, panda gari la kesho asubuhi, nitakuwa kituoni.

Mama yako