Barakoa ya Bitana

Mwenzangu, uko wapi? Nimetoka kwa daktari.

Si unakijua hiki kikohozi changu, tulichosema ni vumbi la vitambaa pale tunaposhonea? Siyo vumbi! SIYO VUMBI!

Nakaa tu, ananishika vidole. Nikamwambia, "Daktari, nimekuletea kifua. Vidole vina baridi yabisi yao ya zamani."

Akasema, "Ni ugonjwa huohuo, mama. Kinga ya mwili wako ilikuwa inashambulia viungo, sasa imeingia kwenye njia za hewa. Zimevimba, na ndani zimeanza kupata makovu."

Makovu! Ndani ya mapafu! Nikauliza yataondoka lini. Eti dawa itazuia mengine, haya yaliyopo hayaondoki.

Hayaondoki. Unanisikia?

Sasa narudi kazini, nakuta mafundi wenzangu wamenishonea barakoa ya kitambaa cha bitana, tabaka tatu, na ua wamelidarizi pembeni. Wananipigia makofi. "Vumbi halikupati tena!"

Nimeivaa. Nimecheka nao mpaka nikakohoa.

Nakuandikia nikiwa chooni, bado ninayo usoni. Ningewaambiaje kwamba kinachonila kiko upande huu wa kitambaa?