Swichi Uliyoificha Ndani ya Landrova

Mdogo wangu Ambakisye,

Nisamehe kwa ukimya huu. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, na imetimia miezi saba. Nimeketi na karatasi mara nyingi, kisha aibu ikanishinda, kwa kuwa jambo la kwanza ninalopaswa kukuandikia ni kosa langu.

Landrova uliyoiacha uani kwangu haiwaki. Nikizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka, lakini starta haitoi hata mlio. Nimefuata utaratibu wako wote. Betri niliipeleka Isongole ikachajiwa. Vichwa vyake nilivisugua kwa msasa. Waya wa athi niliukaza kwenye chasisi. Kisha nikachukua taa yako ya kupimia: kwenye swichi ya ufunguo moto wa betri upo, kwenye solenoidi inayoamsha starta haufiki. Unapotelea katikati, ndani ya lile fungu la nyaya ulilolizungushia tepu nyeusi. Humo ndimo ulimoficha swichi yako ya kukata moto, wezi wasije wakaivusha Landrova mpakani.

Ulitaka kunionyesha. Ulikuja Jumapili baada ya ibada, bisibisi mkononi, ukicheka: "Kaka, njoo nikupe siri ya bibi kizee huyu." Nami, mzee wa kanisa, nikakukemea mbele ya wanao kwamba siku ya Bwana hatushiki vyuma. Ukasema, "Haya, Mwalimu, nisije nikachapwa. Nitarudi Ijumaa." Ukaondoka kwa miguu, swichi umeizima kama ilivyokuwa desturi yako. Alhamisi tukaletewa habari za kifo chako.

Kiangazi tuliiwasha kwa kuisukuma. Majirani walinitania, "Mwalimu, leo tena darasa zima?" Sasa mvua zimeanza, mteremko ni utelezi mtupu, na hakuna anayecheka.

Shemeji yako anaumwa moyo, Ambakisye. Daktari wa Isongole anataka kumwona kila Jumanne. Wiki mbili zilizopita nililala matopeni, nikaunganisha ncha mbili za starta kwa bisibisi, kama nilivyokuona ukifanya. Nilisahau kwamba huku Mbebe tunaegesha gari likiwa kwenye gia, kwa sababu ya mteremko. Iliruka. Yeye alikuwa ndani. Ikabomoa ukuta wa jiko, ikasimama. Gurudumu lilipita kando ya goti langu. Hakuumia, lakini alitetemeka mpaka jioni, kisha akaniambia, "Baba Lusekelo, humo siingii tena kwa mtindo huo. Niache nifie kitandani kwangu."

Tangu siku hiyo hajaonana na daktari. Miguu imevimba hadi magotini. Akifika mlangoni tu, pumzi inamkatika. Mimi namtazama; magari ya kukodi hayapandi utelezi huu, na gari liko pale nje.

Nimemwita fundi kutoka Tunduma. Alichungulia chini ya dashibodi, akatoa kichwa akitabasamu: "Mzee, aliyefunga hizi alikuwa anaificha siri hata kwake mwenyewe." Kisha akaacha kutabasamu. Ganda la nyaya hizo ni la zamani, linapukutika likiguswa. Ukivuta mmoja, au ukipitisha mpya, nyingine zitagusana na gari litaungua. Anasema ni kung'oa zote na kufunga upya, kazi ya wiki nyingi, na hata hapo haahidi kama itawaka. La sivyo aichukue kwa ajili ya vipuri, nasi tuhamie chumba cha kupanga Isongole, karibu na matibabu.

Wiki nyingi sidhani kama anazo. Na kuhama hataki kusikia. Anasema aliolewa katika nyumba hii. Mimi nami kila asubuhi nikitoka mlangoni naliona kaburi lako, na bado sijajua nani atalipalilia.

Ungenionyesha kwa dakika moja tu. Sikukupa dakika hiyo. Nisamehe, mdogo wangu, nisamehe.

Pumzika sasa. Fundi anarudi Jumamosi kuchukua jibu. Nikishaamua nitakuandikia, hata kama nitakaloamua ni kukuacha huku peke yako.

Kaka yako,
Mwalimu