Tanuri Nalishika Mimi

Napoli, Juni

Kaka Aniello,

Nisamehe, tangu Pasaka sijakuandikia. Mwanangu Rosella anaota meno, na mimi usingizi nausikia kwa jirani. Baba anakusalimu. Mkono wake wa kulia haujapata nguvu tangu kile kiharusi. Hata kijiko namshikia.

Ulisema wanawake hukaanga pizza, tanuri ni la wanaume, kwa hiyo baba akishindwa tuuze duka, na mnunuzi umeshampata. Sasa sikiliza. Tangu Machi tanuri nalishika mimi.

Jumapili alikuja Don Liborio, yule mzee anayezunguka mji mzima akitafuta pizza bora, na kila anapokula huacha ukingo wa pizza kwenye sahani. Kuniona tu, akacheka.

“We binti, rudi kwenye karai lako la mafuta!”

“Mjomba, kaa ule kwanza. Utanitukana ukishashiba.”

Nikampa ya nyanya na jibini. Alikula, na sahani ikarudi tupu, ukingo wote umeliwa! Akamgeukia baba.

“Tonino, miaka arobaini umenilisha. Huyu binti yako amekupita.”

Baba alilia, kaka, huku anacheka. Mimi nilisimama pale na unga hadi kwenye nyusi, sijawahi kujiona mrefu vile.

Duka haliuzwi. Nakupenda, lakini kwa hili sirudi nyuma. Mnunuzi wako mwambie hivyo, kisha unitumie viatu vya Rosella, namba kumi na tisa. Dawa ya baba ya kuchua. Na karatasi za umiliki wa duka, zenye jina langu na sahihi yako.

Dada yako,
Filomena