Picha ya Mkono Wenye Vidole Vitano

Mjukuu na mchumba wangu Saumu,

Marahaba. Bibi yako mzima, na wivu wake mzima pia. Unauliza kama utie sahihi kwamba huidai hospitali, na wao ndio waliosoma picha ya eksirei vibaya wakakwambia mguu haukuvunjika?

Miaka ya hamsini niliumia mkono shamba la mkonge, Maramba. Daktari wa shamba akasema, "Picha inaonyesha mfupa mzima. Tia dole gumba hapa kwamba hutudai, urudi kazini."

"Niione kwanza, bwana."

Nikahesabu vidole vitano. Mie kimoja cha mkono huohuo kililiwa na mashine zamani!

"Daktari, picha yenu huotesha vidole?"

Badala ya kuitazama picha, akaivuta ile karatasi upesi, akaikunja. Walipopiga nyingine, mfupa ulikuwa vipande viwili.

Nawe waambie wakuonyeshe picha kwanza.

Babu yako, wa vidole tisa mpaka leo.