Bastola Uliyoipaka Mafuta ya Nazi

Bakari, ewe mbishi,

Huko uliko huwezi kunijibu, kwa hiyo leo nasema mimi. Kwanza, nilikupita shabaha. Siku moja kabla hujauawa, alasiri ya jua kali, ulipokwenda kuswali, nilitungua makopo matano kwa risasi tano. Shahidi sina. Amini tu.

Pili, mafuta yako ya nazi ni balaa.

Nilikwambia. Vibastola vya uwanja wetu wa kulenga shabaha pale Matsangoni, vile vya risasi nyembamba, vina deko kama bibi harusi. Mchanga kidogo, vinakwama. Risasi visizozipenda, vinakwama. Wewe ukavipaka mafuta ya mamako, ukasema, "Yanalainisha nywele za mamangu, yashindwe na chuma?" Na msimu wa kusi, asubuhi ya baridi, mafuta hayo huganda chupani mpaka uyaanike juani. Ndani ya bastola je? Wageni wetu wa makopo vikiwakwamia walicheka, wakavitikisa, wakaendelea. Mchezo tu.

Yule mwenye panga hakuja kucheza. Asubuhi ile ya baridi tulikuwa ndio kwanza tunapanga meza, akataka sanduku la bastola. Ukamwelekezea yako, ukafyatua. Tik. Panga likakuingia shingoni, Bakari, na... hapa nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Damu yako ilinirukia mdomoni. Nikinywa chai bado naionja.

Nilinyakua bastola nyingine mezani nikamkimbiza. Vijana wa bodaboda walimdaka karibu na lami, wakamvunja mkono kwa jiwe, wakampiga hadi meno yakamwagika. Nikapenya katikati yao, nikamwekea mdomo wa bastola kwenye paji la uso. Alikuwa akimwita mamake. Mmoja wa vijana akasema, "Mmalize, Katana."

Nikafyatua. Tik.

Nikakoki, nikafyatua tena. Tik. Hiyo nayo ulishaipaka, mshenzi wewe. Nikakaa kwenye changarawe, nacheka, nalia, mpaka polisi wakafika.

Sasa yeye yuko rumande Kilifi, mimi niko nje. Ingelipuka, mamako angetukosa sote wawili. Kila Ijumaa nampelekea samaki, naye ananikalisha kibarazani ananipaka mafuta yale kichwani kwa lazima. Narudi nyumbani nanuka wali wa nazi. Cheka tu.

Vijana wananiambia kesi ikiitwa nitaje panga lake tu, bastola yangu ninyamaze. Sinyamazi. Nakuahidi nitasimama niseme yote, na zile tik zangu mbili, wanifanye watakavyo. Na hakimu akiuliza kwa nini yule mtu yu hai, nitamwambia ni kwa sababu rafiki yangu hakuwahi kunisikiliza hata siku moja.

Lala, ndugu yangu. Malaika wakikuuliza, usibishe.

Katana, makopo matano.