Shahidi wa Madam

Jumamosi, 19 Oktoba 2024. Riyadh

Leo nimekuwa mtu wa maana. Madam aliniita jikoni, akafunga mlango, akasema niache chai kwanza nimtazame akipiga kura. Kura ya urais wa Marekani! Mimi Elphas, dereva.

Kwao ni Wisconsin. Anasema hilo jimbo limegawanyika katikati. Uchaguzi uliopita aliyeshinda huko alishinda kwa kura elfu ishirini na kitu tu. Walio ng'ambo wanatuma karatasi kwa bahasha, na lazima shahidi asaini juu ya bahasha. Shahidi yeyote mtu mzima, hata asiye Mmarekani. Nikauliza, na bosi je? Akacheka bila furaha.

Mambo ya bosi nayajua, nani hayajui hii nyumba. Mwezi wa nne walikuwa na mchujo wa vyama. Bosi ndiye aliyekuwa shahidi. Kwa mchujo wao unachagua chama kimoja tu, kwa hiyo akaona mkewe ameweka alama kwa chama kile kingine. Miaka kumi na nane ya ndoa! Tangu siku hiyo kila mtu anakula saa yake, na mimi ndiye wa kubeba maneno — mwambie madam hivi, mwambie bosi vile. Kwetu Nyamira siku ya mchujo tunarushiana viti na kesho yake tunasalimiana. Hawa hawarushi kitu, na salamu hakuna.

Madam alinipa mgongo, akaweka alama, akakunja, akafunga bahasha. Sikuona amechagua nani na sitaki kujua. Kisha zamu yangu. Mahali pa anwani nikaandika S.L.P. ya shule ya kwetu, kama siku zote. Akasema hapana, Elphas, unapoishi. Hapa hakuna mtu amewahi kuniuliza naishi wapi. Nikakata, nikaandika: chumba cha dereva, nyuma ya nyumba namba 41, Riyadh.

Tangu nije nchi hii nimesaini makaratasi mengi ya Kiarabu. Hii ndiyo ya kwanza nimeelewa ninachosaini. Nimefurahi, wacha niseme ukweli.

Jumapili, 20 Oktoba

Kosa ni langu. Madam alisema bahasha niipeleke leo kwa watu wa vifurushi, Batha. Nikaiacha kiti cha mbele. Bosi akatoka mapema, akaingia mbele, akaikalia. Akaichomoa chini yake. Akasoma jina la mkewe, akasoma langu.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema kura yake na ya mkewe zinafutana, ni kama hakuna aliyepiga. Nisiichane, kuchana ni kosa kwa sheria yao. Ikae tu ndani ya dashibodi mpaka tarehe tano Novemba ipite, zinazochelewa hazihesabiwi. Halafu akauliza kwa upole kabisa: ile huruj yako unaitaka lini?

Huruj ndiyo ruhusa ya kutoka nchi na kurudi. Yeye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu. Akibonyeza simu yake naenda, asipobonyeza nabaki. Mimi na Celestine, mke wangu, tuna tiketi za tarehe tisa Novemba. Yeye kafili wake ameshamruhusu. Miaka mitatu hatujawaona watoto.

Nilisema sawa, bosi. Ilitoka haraka mno.

Jumanne, 22 Oktoba

Madam: imeenda? Mimi: imeenda, madam. Akanishika bega, akasema asante. Nimejichukia mchana kutwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimempigia Celestine Jeddah. Anafanya kazi Al-Safa, nyumba ya watu tisa, alikuwa anapiga pasi huku simu iko begani. Nikamweleza yote. Akaweka pasi kando. Halafu akasema, Baba Eddah, hao watu pasipoti zao wanazo mfukoni, wakichoka wanapanda ndege. Wewe una nini? Akasema Eddah sasa anamwita nyanya yake mama. Na Lewis ameuliza kama baba ana miguu, kwa sababu kwenye simu anaona kichwa tu.

Nikasema lakini nimesaini. Akasema huo ni wino, Baba Eddah. Wino tu.

Nina hasira na wote. Na madam kwa kunichagua. Na bosi. Na Celestine kwa sababu anasema kweli. Mwaka 2022 kwetu wakipiga kura mimi nilikuwa hapa naosha gari. Sijawahi kupigia kura hata MCA, diwani wa wadi yetu. Sasa ona, nimefungia kura ya rais wa Marekani kwenye dashibodi.

Jumapili, 27 Oktoba. Jeddah

Tuliendesha jana, bosi ana mikutano. Leo ameniita chumbani kwake hotelini. Kumbe bahasha yake bado hajaituma! Madam amekataa kuwa shahidi wake. Hana mtu. Ananihitaji mimi.

Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Yeye hakunificha kitu, aliweka alama mbele yangu, alitaka nione. Nikaangalia pazia. Anwani niliiandika bila kukosea.

Kisha akashika simu yake, akabonyeza. Ujumbe ukaingia kwangu: huruj imetoka. Akasema mimi ni mtu mzuri. Nikamtumia Celestine picha, akajibu kwa sauti, analia na kumshukuru Mungu. Nami nililia kidogo, bafuni. Lakini huruj inafutwa kwa kidole kile kile kilichoitoa, na bosi anajua kwamba najua.

Jumatatu, 28 Oktoba. Jeddah

Naandikia kwenye ngazi za duka la vifurushi, Kandara. Bosi yuko ndani ya gari ng'ambo ya barabara, ananiona. Alisema nitume yake. Yalla, haraka. Nilifungua dashibodi niitoe yeye akiongea na simu, na mkono ukatoka na zote mbili, yake na ya madam. Sikupanga.

Mpakistani wa kaunta amesema Wisconsin ni siku tano, sita. Ya leo itawahi, ya kesho asiahidi. Akaangalia mkono wangu. Wahid? Itnein? Moja ama mbili? Nikafungua mdomo, adhana ya adhuhuri ikalia. Akasema halas, basi, sala, akanitoa nje akashusha mlango. Dakika ishirini nimepewa.

Bosi atataka risiti, na risiti inaandika idadi. Nikituma mbili, siendi nyumbani. Nikituma moja, nimemdanganya madam kwa jina langu mwenyewe. Nimewaza pia nisitume yoyote, si zinafutana? Lakini hata ya bosi nimesaini. Naogopa.

Madam amepiga sasa hivi. Anataka namba ya kufuatilia mzigo, anasema kwenye kompyuta haoni kitu. Nimemwambia nitamtumia baada ya sala.

Bosi ameteremsha kioo. Ananyoosha kidole kimoja. Sijui anasema dakika moja, au anahesabu bahasha.

Mlango unapandishwa. Mpakistani ameshika kalamu, ananingoja mimi niseme moja au mbili.